Euclid Alivyofukuzwa Darasani na Asirudishwe

Mtu akiuchukua muhtasari wa hisabati uliotumika kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Tanzania, akausoma kwa jicho la mtafiti wa tarehe na kuliweka kando jicho la mwanafunzi aogopaye mtihani, atastaajabu kuona masomo yaliyokaa jirani bila ya udugu. Kidato cha pili hufundishwa logarithmu na maumbo yanayolingana, kisha seti. Kidato cha tatu hupima masafa juu ya dunia iliyo tufe kwa maili za baharini, kisha huingizwa katika daftari za mfanyabiashara. Kidato cha nne, kabla ya kuaga shule, hukutana na vekta, matriksi, uwezekano, na ile hesabu ya kutafuta faida iliyo kubwa kuliko zote kwa kuchora mistari na kutia kivuli upande usiotakiwa. Wenzetu wa Kenya wanayo takriban hayo hayo kwa mpango mwingine. Akili ya hisabati peke yake haiwezi kueleza kwa nini mambo haya yamefuatana hivi, ila tarehe yaweza. Kwani mtaala ni kama ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu, ambao kila mwenye nyumba aliupaka chokaa yake juu ya chokaa ya aliyemtangulia, pasipo mmoja wao kujisumbua kuibandua ya mwenzake. Waziri husema mtaala umebadilishwa. Kwa kweli umeongezewa tabaka, na katika kila tabaka mna hofu au tamaa ya watu wa zama fulani, ambao aghalabu hawakuwa na habari kwamba mwana wa Songea au wa Kitui atakuja kuirithi.

Kabla ya shule za serikali, pwani ilikuwa na hisabati zake, nazo zilikuwa za kazi. Mwanachuoni aliyesoma faraidhi alijua kwamba mtu akifa akaacha mke, mama, na watoto wa kiume na wa kike, mke hupata thumni, mama hupata sudusi, na kilichobaki hugawanywa baina ya watoto, wa kiume akipewa mafungu mawili ya wa kike. Na ili mgawanyo uwe mwepesi aliifanya mali yote mafungu 24, akatoa 3 kwa mke na 4 kwa mama, akabakiwa na 17. Hicho ndicho kigawe kidogo cha shirika, ambacho leo mtoto hufundishwa kwa machungwa yasiyokuwapo. Nahodha alikuwa na nyota zake, muuza boriti alihesabu kwa korija ya 20, na mwenye duka la nafaka alipima kwa kibaba na pishi, vibaba 4 kwa pishi 1. Elimu hiyo haikuwa na karatasi ya mtihani. Watahini wake walikuwa warithi waliokaa barazani wakimsikiliza kadhi, nao hawakuwa wepesi wa kusamehe kosa.

Shule za Waingereza zilikuja na ilimu ya namna nyingine, na tangu mwanzo ilikuwamo hitilafu juu ya kiasi gani cha ilimu hiyo Mwafrika apewe. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza elimu inayoafikiana na mazingira ya mwanafunzi, yaani kilimo, afya na kazi za mikono. Lakini wazazi, ambao walikwisha kuona nani aketiye ofisini na nani ashikaye jembe, walitaka elimu ile ile na cheti kile kile alichopata mtoto wa mtawala. Shule kubwa zilizoanzishwa zama hizo, Tabora huko Tanganyika, na Alliance huko Kenya mwaka 1926, hatimaye zilielekea kwenye mtihani wa Cambridge. Carey Francis, aliyefundisha hisabati katika Chuo cha Peterhouse huko Cambridge kabla ya kuja Maseno mwaka 1928, aliiongoza Alliance tangu mwaka 1940 hata 1962, na mtu wa malezi hayo hakuwa wa kukubali wanafunzi wake wapimwe kwa mizani iliyopunguzwa.

Mizani yenyewe ilikuwa na maajabu yake. Mtoto wa Moshi au wa Kisumu, ambaye shilingi ya Afrika ya Mashariki aliyotumwa nayo dukani iligawanyika senti 100, alikaa darasani akijumlisha shilingi za Kiingereza zenye peni 12 kila moja, na 20 katika hizo zikifanya pauni, huku akipima mashamba ya watu asiowajua kwa minyororo na ferlongi. Alifundishwa kuzidisha na kugawanya kwa majedwali ya logarithmu, ambayo asili yake ni kazi ya Mskoti John Napier aliyoitangaza mwaka 1614, na ambayo yaliwaondolea wanafalaki na mabaharia wa karne hiyo taabu ya hesabu ndefu. Zile maili za baharini zilizomo katika kidato cha tatu mpaka leo, dakika moja ya duara la dunia kwa maili moja, nazo ni mabaki ya dola iliyotawala kwa merikebu. Na katika jiometri alikuwako Euclid, au tuseme wajukuu wa Euclid: mwanafunzi aliandika kilichotolewa, akaandika kitakiwacho kuthibitishwa, akachora umbo, kisha akashuka mstari kwa mstari, kila mstari ukiwa na sababu yake, mpaka akafika mwisho ambao hakuna mwenye akili timamu awezaye kuukana.

Huko Uingereza kwenyewe Euclid alikuwa amekwisha kutikiswa. Mwaka 1901, mjini Glasgow, mhandisi John Perry aliwahimiza wataalamu waliokutana huko wazifanye hisabati za shule kuwa za kupima, kukadiria na kuchora grafu, ili zimfae fundi wa mitambo kama zinavyomfaa mtoto wa bwana mkubwa. Na mwaka 1903 Cambridge iliacha kulazimisha ithbati zifuate utaratibu wa Euclid. Lakini hukumu ya kumfukuza ilitolewa Royaumont, abasia ya kale iliyo karibu na Paris, mwishoni mwa mwaka 1959, wakati Mfaransa Jean Dieudonné, mmoja wa wanahisabati waliokuwa wakiandika chini ya jina la kubuni la Bourbaki, aliposimama mbele ya wajumbe wa nchi za Magharibi na kutamka bila ya kuuma maneno kwamba Euclid hana budi kuondoka. Mahali pake pangekaliwa na seti, vekta na miundo ya aljebra, kwa kuwa hiyo ndiyo hisabati iliyokuwa hai katika vyuo vikuu. Na Dieudonné, aliyekuwa bingwa wa fani yake, hakuona sababu ya kijana wa miaka 15 kufundishwa kama kwamba miaka 2,000 haikupita.

Hoja ya wanahisabati peke yake isingeifikisha habari hiyo Entebbe, Uganda. Iliyoifikisha ni hofu. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha angani setilaiti ya kwanza, na Wamarekani, waliozoea kujiona wa mbele, walishtuka wakaanza kuulizana watoto wao wanafundishwa nini. Insafu yataka isemwe kwamba kazi ya kutengeneza mitaala ilikuwa imeanza kabla ya hapo: Jerrold Zacharias, mwanafizikia wa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, aliyefanya kazi za rada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikwisha kuunda kamati yake ya kuandika upya fizikia ya shule mwaka 1956. Hofu haikuzaa wazo, ilifungua mkoba. Sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa ilipitishwa mwaka 1958, na mwaka huo huo Edward Begle alianza katika Chuo Kikuu cha Yale mradi wa kuandika vitabu vya hisabati ambavyo kwa muda mfupi vilienea Marekani nzima. Uingereza nayo ilikuwa na mradi wake tangu mwaka 1961, ulioongozwa na Bryan Thwaites wa Chuo Kikuu cha Southampton, ukianzia katika shule chache za wenye nacho.

Kiangazi cha mwaka 1961, katika nyumba ya Endicott ya MIT, nje ya mji wa Boston, Zacharias na wenziwe waliwakutanisha Waafrika, Waingereza na Wamarekani kuzungumza juu ya elimu ya Afrika. Na mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, wanahisabati na walimu kutoka nchi za Afrika zitumiazo Kiingereza, pamoja na wageni wao, walikusanyika Entebbe, kando ya ziwa, chini ya uongozi wa W. T. Martin wa MIT, wakaanza kuandika vitabu. Waliendelea miaka kadhaa, vikatoka vitabu vya wanafunzi na vya walimu, vya msingi na vya sekondari, vyote vikijulikana kwa jina la Entebbe. Wakati huo huo mradi wa Southampton ulipata mtoto huku kwetu, mfululizo wa vitabu vya hisabati vya shule za Afrika ya Mashariki, na hivyo mwalimu wa Nairobi au wa Dar es Salaam akajikuta kati ya hisabati mpya ya Kimarekani na hisabati mpya ya Kiingereza, ilhali yeye mwenyewe alisomeshwa ile ya zamani.

Si haki kuwacheka waliozipokea. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961, Kenya ilifuata Desemba 1963, na dola changa iliyoambiwa kwamba mataifa makubwa yameacha hisabati ya kale isingekubali kupewa nguo iliyovuliwa na mwingine. Wazazi wa mwaka 1924 waliikataa elimu ya Phelps-Stokes kwa hisia hiyo hiyo. Wala vitabu vya Entebbe havikuwa vibaya kwa ilimu iliyomo. Vingine viliandikwa kwa ustadi mkubwa, na vilimtaka mtoto afikiri kabla ya kukokotoa. Hata yale yaliyoonekana ya ajabu kabisa, kama hesabu za saa na namba zisizohesabiwa kwa makumi, hayakuwa mageni katika nchi hizi. Mtoto asemaye Kiswahili, aambiwapo kwamba gari la moshi laondoka saa 10 kwa saa ya Kizungu, hujumlisha 6, na kwa kuwa amevuka 12 huondoa 12, akajua kwamba ni saa 4. Hufanya hivyo kila siku ya maisha yake, na katika kitabu cha hisabati mpya jambo hilo lilikuwa na sura yake nzima. Mwenye korija za boriti na dazeni za vikombe alikuwa akihesabu kwa ishirini na kwa kumi na mbili kabla ya mwalimu wa Massachusetts kuzaliwa. Mwalimu aliyeona uhusiano huo angaliweza kufanya maajabu.

Tatizo ni kwamba walimu wa kuuona walikuwa wachache, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwalimu wa shule ya msingi wa miaka ile aghalabu alikuwa mtu wa darasa la nane na mafunzo mafupi ya ualimu. Alipopewa kitabu kilichojaa mabano na alama za muungano na makutano, alifanya analofanya kila mtu aliyepewa kitu asichokielewa na kuamriwa akifundishe: aliwakaririsha. Kanuni ya kwamba 3 mara 5 ni sawa na 5 mara 3 ilipewa jina refu la Kiingereza, na watoto wakalijua jina bila ya kulijua jedwali la kuzidisha. Mzazi ambaye zamani aliweza kumsahihisha mwanawe kwa mshumaa wa usiku akaona daftari limegeuka hirizi. Malalamiko ya namna hiyo yalisikika Marekani kwenyewe, na mwaka 1973 Morris Kline, profesa wa hisabati wa New York, alitoa kitabu kizima cha kuishutumu hisabati mpya. Lakini Marekani ilikuwa na akiba ya walimu, vitabu na semina za likizo, ambayo sisi hatukuwa nayo.

Sayansi ilipita njia hiyo hiyo, kwa mwendo wa upole zaidi. Mwishoni mwa miaka ya sitini ulianzishwa mradi wa sayansi wa shule za Afrika ya Mashariki, uliotaka mwanafunzi agundue kwa mikono yake alichokuwa akikinakili ubaoni, mizani ya springi na balbu vikiwa mbele yake. Na palipokuwa na maabara kazi ilikuwa ya kupendeza. Maabara zilikuwa chache. Shule zilipoongezeka kuliko vifaa, ulibaki mtihani mbadala wa maabara, ambamo mtahiniwa alieleza kwa kalamu rangi ya mvuke ambao hajapata kuuona. Fizikia iliacha futi na ratili ikachukua mita na kilo, kemia ikaacha orodha ndefu za kutengeneza gesi ikachukua hesabu za moli, na kwa mapana ya mambo hayo yalikuwa mageuzi ya salama, kwa sababu yalikuja na mtihani wake. Nalitilia mkazo hilo la mtihani. Mradi uliobadilisha kitabu bila ya kubadilisha karatasi ya mwisho wa kidato cha nne haukupata kudumu hata mmoja. Na ndiyo maana kuvunjika kwa Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki, Tanzania ikijitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake mwaka 1973, Kenya ikifanya la kwake mwaka 1980, kulikuwa na taathira kubwa zaidi kwa hisabati kuliko makongamano mengi.

Hukumu ya hisabati mpya ilitoka mara hii katika vinywa vya wanasiasa. Nigeria iliiondoa mwaka 1977. Kenya ilifuata mwaka 1981 kwa amri ya Rais Daniel arap Moi, na mwaka huo huo tume iliyoongozwa na Colin Mackay, iliyopewa kazi ya kutazama haja ya chuo kikuu cha pili, ilipendekeza mfumo wa miaka 8, 4 na 4, ulioanza mwaka 1985 na kutilia mkazo kazi za mikono. Tanzania ilikuwa imekwisha kugeukia upande mwingine tangu Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu, na swali likawa hesabu hii itamsaidia nini mwanakijiji. Mtu aliyeikumbuka ripoti ya Phelps-Stokes angaliweza kuona kwamba jembe limerudi darasani, safari hii limeletwa na wenyewe.

Basi hisabati mpya ilikufa? Jina lake lilikufa. Matriksi hazikuondoka, wala vekta, wala mageuzo ya maumbo, wala uwezekano, wala seti. Ile hesabu ya kutia kivuli, ambayo leo humhusu mkulima mwenye hekta kadhaa akitaka kujua apande mahindi kiasi gani na maharage kiasi gani, ilianza Leningrad mwaka 1938, Leonid Kantorovich alipoombwa shauri na kiwanda cha mbao za plaiwudi, na ikagunduliwa tena mwaka 1947 na George Dantzig alipokuwa akiwapangia mambo wanajeshi wa anga wa Marekani. Iliingia shuleni kwa mlango wa hisabati mpya, na mlango ulipofungwa ilikuwa imekwisha kukaa.

Aliyepotea kweli ni Euclid. Hisabati mpya ilimfukuza, nayo ikafukuzwa, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Nadharia za duara zimo katika kidato cha tatu, lakini mwanafunzi huzipokea kama kanuni za kutafutia pembe, na neno thibitisha hutokea kwa nadra, wala mwanafunzi mjanja haligusi kwa sababu maksi zake ni chache. Watu wa Royaumont hawakukusudia hivyo; walitaka ithbati iliyo safi zaidi, iliyojengwa juu ya seti badala ya michoro. Lakini wanasiasa walioitupa nje hisabati mpya walitupa usafi huo pia, na mahali pa Euclid na mahali pa Bourbaki palipokuwa wazi pakachukuliwa na ukokotoaji. Mimi naliona hili kuwa hasara iliyo kubwa kuliko zote katika mageuzi ya miaka 60 iliyopita. Kijana aweza kumaliza kidato cha nne na alama nzuri pasipo kupata hata mara moja ile hali ya kujua jambo kwa yakini, bila ya kumtegemea mwalimu, kitabu wala serikali.

Kinyume chake, jedwali la logarithmu limeshinda kila mageuzi. Kikokotozi cha mfukoni chenye uwezo wa kutoa logarithmu kilianza kuuzwa mwaka 1972, na kwa akili ya kawaida kingalipaswa kulistaafisha jedwali la Napier siku ile ile. Kenya imemruhusu mtahiniwa kuingia na vyote viwili. Tanzania, katika mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne, imekuwa ikiruhusu majedwali na kukataza kikokotozi, hata ikawa kijana ambaye simu yake yafanya hesabu zote za Napier kwa kupepesa jicho huiacha nje ya chumba, akafungua kijitabu cha tarakimu nne. Hoja ya wanaoutetea utaratibu huo ni kwamba kikokotozi si cha kila mtoto, na kwa shule nyingi hoja hiyo ina uzito.

Mageuzi ya karibuni yamerudisha mjadala wa kale kabisa. Kenya ilianza mwaka 2017 kuuacha mfumo wa 8, 4 na 4 na kuushika mtaala wa umilisi, ambamo mwanafunzi wa sekondari ya juu huchagua njia moja kati ya tatu: sayansi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kwa mpango wa awali, aliyechagua njia isiyo ya sayansi angaliweza kuachana na hisabati. Watu walipiga kelele, na mwaka 2025 serikali ikaamua kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa wote, ila iwe ya namna mbili, moja nzito kwa wafuatao sayansi, na moja nyepesi kwa waliosalia. Kwa upande wa hisabati, hapana ubaya katika hilo. Mchoraji hana haja ya matriksi, na hesabu ya mkopo, ramani na takwimu za gazeti ikifundishwa sawasawa si elimu duni. Lakini mzazi huliangalia jambo hilo kama wazee wake walivyoiangalia ripoti ya mwaka 1924, na swali lake kwa mwalimu mkuu, siku ya kuchagua njia, ni lile lile: huyu mwanangu akishika hiyo nyepesi, cheti chake kitapokewa wapi?